Kabla hujamwita mtoto mzito, tazama toleo la kitabu

Mtoto anaandika print "Habari" kama kitabu kinavyosema, kompyuta inakataa. Anarudia mara tatu, kisha anafunga kitabu akiamini hana akili ya kompyuta.

Kumbe kosa si lake. Python, lugha ya kuandikia programu, ilibadilika mwaka 2008 lilipotoka toleo la 3. Tangu hapo neno hilo hudai mabano: print("Habari"). Toleo la 2 lilisitishiwa huduma rasmi Januari 1, 2020, lakini vitabu vyake havikutoweka.

Mzazi husoma tarehe ya mwisho ya dawa kabla ya kumnywesha mtoto. Maelezo ya kompyuta nayo huchacha. Ndiyo maana wapo watu, wengi wao wa kujitolea, wanaopitia kurasa rasmi za Python, wakisahihisha mifano na kuonyesha kila jambo lilibadilika toleo gani. Kazi hiyo haina makofi, ila humwokoa mwanafunzi asijidharau bure.

Mzazi si lazima ajue programu. Aulize tu: "Mwanangu, kitabu hiki ni cha toleo la ngapi?"