Mara 78 Tu

Kuna daftari moja huko Durham, North Carolina, lenye ukurasa wenye mwandiko wangu na sahihi yangu. Nimeandika hivi: "Aranda hatoboi. Ni mkali wa ligi ndogo tu." Ilikuwa Mei 2023. Niliandika kwa kalamu ya wino, kifua mbele, na besiboli yenyewe nilikuwa naifahamu kwa wiki nane hivi. Nawasimulia hili kwa sababu kosa lile halikuishia Marekani. Nilirudi nalo hapa chuoni, na mtu wa darasa letu ndiye aliyeumia.

Mwaka wa pili nilipata nafasi ya muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Nilikopanga hapakuwa mbali na uwanja wa Durham Bulls. Mimi nimekulia kwenye kelele za Simba na Yanga, besiboli nilikuwa naiona kwenye filamu tu. Lakini jioni sina pa kwenda, marafiki bado sina, nikaanza kwenda uwanjani kuua upweke. Uwanja wenyewe una raha yake. Unaingiza watu 10,000, na juu ya ukuta wa kushoto kuna fahali mkubwa wa kuchongwa. Mchezaji wa nyumbani akipiga mpira ukavuka ukuta, fahali anawaka macho mekundu, mkia unatikisika, moshi unamtoka puani. Ukimpiga fahali mwenyewe unapewa steki. Ukipiga majani aliyosimamia unapewa saladi. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa nieleze kidogo mfumo wao, maana ni tofauti na wetu. Kule hakuna timu kupanda wala kushuka daraja. Timu za Ligi Kuu ni 30, na kila moja ina timu nne za madaraja ya chini zinazoilelea wachezaji, jumla 120. Durham ni ya daraja la juu kabisa la ligi ndogo, na inawalelea Tampa Bay Rays. Hata ikishinda mechi zote, haiendi popote. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, siku akipigiwa simu. Mwaka ule mshahara wa chini kabisa wa daraja la Durham ulikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Wa Ligi Kuu ulikuwa dola 720,000. Mara ishirini, bana, kwa mchezo uleule na mpira uleule! Ndiyo maana mashabiki wa ligi ndogo hawabishani sana kuhusu nani kashinda. Wanabishana nani atapanda.

Mimi niliangukia kwenye kundi la watu wanne wanaokaa nyuma ya mpigaji kila mechi. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, mzee mwembamba asiyeachana na daftari. Kichwani nilimwita Mzee Daftari. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Aliniambia maskauti wanampima mchezaji kwa alama za kuanzia 20 hadi 80, na 50 ni wa kawaida wa Ligi Kuu. Wanapima vitu vitano: usahihi wa kupiga, nguvu, mbio, udakaji na mkono wa kurusha. Halafu magazeti na wachambuzi wanatoa orodha za chipukizi 100 bora, na shabiki wa ligi ndogo anaijua orodha ile kama sisi tunavyojua msimamo wa ligi.

Aprili ile macho ya wengi Durham yalikuwa kwa vijana wawili. Mmoja ni Curtis Mead, Mwaustralia wa Adelaide. Mwingine ni Kyle Manzardo, aliyechaguliwa raundi ya pili mwaka 2021. Wakija kupiga, simu zinanyanyuliwa. Akija Jonathan Aranda, watu wanakwenda kununua soda.

Aranda ni Mmeksiko wa Tijuana. Rays walimsajili mwaka 2015 akiwa na miaka 17. Ukitazama alichokifanya, unashangaa kwa nini hakuwa gumzo. Mwaka 2021 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake katika daraja la pili kutoka juu. Mwaka 2022 akaja Durham, akapiga wastani wa .318 na mipira 18 ya kuvuka ukuta, akawa tena mchezaji bora wa ligi. Kwa wasiojua: .318 maana yake amefanikiwa karibu mara 32 katika kila mara 100 alizopiga. Ukifikisha 30 katika besiboli wewe ni mtu mzito.

Sababu ya ukimya ilikuwa glavu. Aranda hakuwa na nafasi ya kudumu uwanjani. Walimweka besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kote alionekana wa kawaida au chini ya kawaida. Na huko juu Rays walikuwa na Brandon Lowe besi ya pili. Besi ya kwanza alikuwepo Yandy Díaz, ambaye mwaka huohuo wa 2023 aliongoza American League nzima kwa wastani wa kupiga, .330. Sasa utamtoa nani?

Mzee Daftari alikuwa anamwamini Aranda kupita kiasi. Alinionyesha kitu ambacho peke yangu nisingekiona: jinsi anavyoacha mipira. Mrushaji anarusha mpira mbovu unaoonekana mzuri, wengine wanaurukia, Aranda anatulia. Ukirushiwa mipira minne mibovu bila kuifuata unapewa besi ya kwanza bure. Mzee alisema nguvu unaweza kuijenga jimu, lakini kuona mpira mapema ni kitu cha mtu mwenyewe.

Mimi nikaja na namba yangu. Nilikuwa nimeisoma usiku ule kwenye simu, nikataka na mimi nionekane mjuzi. Mwaka 2022 Rays walimpandisha Aranda, akacheza mechi 32. Mara zilizohesabika kwenye wastani zilikuwa 78, akafanikiwa 15. Wastani .192. "Alipewa nafasi akashindwa," nikasema. "Namba hazidanganyi."

Mzee hakukasirika. Akafungua ukurasa mweupe. Tuseme, akasema, kwa kweli huyu ni mpigaji wa .270, yaani mpigaji mzuri tu wa Ligi Kuu. Katika mara 78 tungetegemea apate kama 21. Amepata 15. Pengo ni mipigo sita. Je, bahati mbaya peke yake inaweza kula mipigo sita? Akaikokotoa pale pale, mimi mwanafunzi wa uhandisi nikiwa namkodolea macho. Jibu: inaweza, karibu mara moja katika kila kumi na tatu. "Kwa mara 78," akasema, "hujamjua mtu. Umemwona akipita."

Basi ningekuwa na akili ningenyamaza. Nikasema hizo ni hesabu za kumtetea mtu unayempenda. Na kusema kweli sikukosea kabisa, maana shabiki anayempigia debe mchezaji asiyejulikana mara nyingi anajipigia debe mwenyewe. Anataka siku moja aseme, "Mimi nilimwona kwanza." Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana alikuwa na sheria: ukitoa hukumu, unaiandika kwenye daftari na kutia sahihi. Nikaandika. Nikatia sahihi.

Kabla hajalifunga alinionyesha kurasa zake mwenyewe. Kulikuwa na alizopatia. Paul Goldschmidt, aliyechaguliwa raundi ya nane mwaka 2009 na kuja kuwa mchezaji bora wa National League mwaka 2022. José Altuve, kijana mfupi kutoka Venezuela ambaye Houston walimpata kwa dola 15,000 tu, akawa mchezaji bora wa American League mwaka 2017. Lakini hizo zilikuwa chache. Kurasa nyingi zilikuwa za watu ambao hakuna anayewakumbuka, na pembeni ya kila jina ameweka alama ya mkosi kwa wino mwekundu, kama anavyosahihisha mtihani. Hakuwa amechana hata ukurasa mmoja.

Nilirudi nyumbani Mei. Msimu ule Aranda akapiga .339 Durham, mipira 25 ikavuka ukuta katika mechi 95. Akapandishwa tena, mechi 34, wastani .230. Nikajisemea: si mnaona? Nikaacha kufuatilia. Maisha ya chuo yakanimeza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa nne, mnajua, ni mwaka wa mradi. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya watu wa grupu letu. Dada mmoja wa darasa letu akanifuata kwenye kordo, akaniambia anaupenda mradi wetu, anaomba kuingia. Kila mtu alijua mwaka wa kwanza alikuwa na sapu mbili, na GPA yake ilikuwa inachechemea. Nikamjibu kwa upole wa kinafiki: "Tumeshajaa, dada." Hatukuwa tumejaa. Tulikuwa wanne, na siku mbili baadaye tukamchukua wa tano mwenye GPA nzuri. Yeye akaangukia kwenye grupu la waliobaki, watu watatu, kazi ya watu watano.

GPA ya jumla, wenzangu, ni mkokoteni. Mzigo wa mwaka wa kwanza unaukokota hadi mwaka wa nne. Mtu anaweza kuwa amepata A na B+ mihula mitatu mfululizo na namba ya jumla bado inasoma kama ya mtu dhaifu. Ningeomba kuona muhula kwa muhula ningeona. Mimi, niliyefundishwa na mzee wa Durham bure kabisa, niliangalia mara zake 78 nikafunga kitabu.

Julai 2025, tumemaliza mitihani, nimelala hosteli nasubiri nauli ya kurudi nyumbani, simu ikaita. Ujumbe kutoka Durham. Hakukuwa na neno hata moja, ila picha: ukurasa wangu, sahihi yangu, na pembeni alama ya mkosi kwa wino mwekundu. Nikaingia mtandaoni kutafuta. Jonathan Aranda alikuwa amechaguliwa kwenye kikosi cha nyota wa American League, mechi ya Atlanta. Anacheza besi ya kwanza ya Rays. Mwisho wa mwezi uleule alivunjika kifundo cha mkono baada ya kugongana na mkimbiaji, lakini msimu aliumaliza kwa wastani wa .316. Ni karibu ileile .318 ya Durham 2022, ile ambayo watu walikuwa wanaipita kwenda kununua soda.

Nilicheka kwanza. Halafu kicheko kikakata, maana nilikumbuka kordo.

Nilimkuta kafeteria siku moja kabla hatujatawanyika. Nikamwambia ukweli: hatukuwa tumejaa, nilikukataa kwa sababu ya GPA, samahani. Aliendelea kula chipsi zake. Akasema mwaka wa kwanza mama yake alikuwa amelazwa. Yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza, usiku analala wodini, asubuhi anakuja lekcha. "Nilijua ni GPA," akasema. "Kwamba ulinikataa, sawa, una haki. Kilichoniuma hukuuliza."

Sikuwa na jibu. Nikamlipia soda, akaikubali, tukaongelea mambo mengine.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila mwenye sapu ni Aranda aliyejificha. Daftari la mzee limejaa watu aliowaamini na hawakutoboa, na mradi unahitaji watu wanaofanya kazi. Wala mwisho wake siyo wa filamu: sisi tulipata B+, wao wakapata B. Ila B yao waliipata watatu, na B+ yetu tuliipata tukiwa watano, na mmoja wetu sikumbuki alifanya nini.

Novemba mtaanza kugawana magrupu tena. Wewe utakayekuwa unakusanya watu, omba matokeo ya muhula kwa muhula, usiridhike na ile namba moja ya jumla. Halafu muulize mtu swali: pale palitokea nini? Akikupa jibu bovu, mkatae, hakuna atakayekulaumu. Na ukishaamua, andika mahali, utie sahihi.

Mimi nimeshanunua daftari, la kurasa 96, pale dukani nje ya geti. Ukurasa wa kwanza una jina la yule dada na tarehe ya siku ile ya kordo. Alama ya mkosi nimeiweka mwenyewe.