Ukizuru Alaska, panga nchi kavu kabla ya meli

Mzazi wa Kenya anapoalikwa Marekani kushuhudia mwanawe akitunukiwa digrii, aghalabu sherehe huwa ya siku moja tu. Siku zinazobaki huishia sebuleni mbele ya televisheni, huku mwana akishinda kazini. Iwapo wewe msomaji u miongoni mwa wanaojiandaa kwa safari kama hiyo, au unaye ndugu anayekuita kila mwaka, fahamu kwamba msimu wa kuhitimu, yaani Mei na Juni, ndio pia msimu ambapo milango ya Alaska hufunguka kwa wageni.

Alaska ni jimbo la 49 la Marekani. Lilinunuliwa kutoka kwa Urusi mwaka wa 1867 kwa dola milioni 7.2, likapata hadhi ya jimbo kamili mwaka wa 1959. Ukubwa wake unakaribia mara tatu ya Kenya, ilhali wakazi wake hawafiki laki nane. Sehemu kubwa ni milima, misitu na mito ya barafu. Hata mji mkuu wenyewe, Juneau, haufikiwi kwa barabara kutoka kwingineko. Utauingia kwa meli au kwa ndege, basi.

Ndiyo sababu wageni wengi huunganisha safari mbili kwa mpigo: wiki moja hivi katika meli ya kitalii kandokando ya pwani, kisha siku kadhaa bara kwa treni, basi au gari la kukodi. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuchagua meli kwa sababu ya picha zinazovutia, kisha hulazimisha mambo mengine yote yaifuate. Wahenga walinena, vyaelea vimeundwa. Safari hii nayo huundwa nchi kavu. Anza na pasipoti, halafu siku za bara, na meli iwe ya mwisho.

PASIPOTI KWANZA

Huenda ukauliza, pasipoti ina uhusiano gani na meli? Una uhusiano mkubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1886 hairuhusu meli ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo hadi nyingine bila kupitia bandari ya nchi nyingine. Karibu meli zote kubwa za kitalii zinazokwenda Alaska hupeperusha bendera za kigeni. Kwa hivyo, zile zinazoondoka Seattle na kurudi papo hapo hutia nanga Kanada njiani, hasa Victoria. Nazo zile za kwenda upande mmoja huanza au kuishia Vancouver, ambako pia ni Kanada.

Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Kanada. Lakini mwanao aliye na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani haihitaji. Hapo ndipo familia hutenganishwa bandarini: mwana aruhusiwe kupanda, mama aachwe na masanduku yake. Isitoshe, hakikisha kwamba viza yako ya Marekani inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maanake ukitoka Vancouver kwa meli hadi Alaska, unaingia Marekani upya. Anza kushughulikia viza hizo miezi mingi mapema, wala usilipe pesa zisizorudishwa kabla ya kuzipata.

SIKU ZA BARA

Sasa tuingie bara. Reli ya Alaska, iliyokamilika mwaka wa 1923, hutoka bandari ya Seward, ikapitia Anchorage na mbuga ya Denali hadi Fairbanks, umbali wa takriban kilomita 756. Kutoka Anchorage hadi Denali huchukua saa nane hivi kwa treni, kwa hivyo siku hiyo yote ihesabu kuwa ya njiani. Hapa ndipo matangazo huwapoteza watu. Ukiambiwa "usiku mbili Denali", jua kwamba una siku moja tu kamili ya kutembea mbugani.

Na siku moja huenda isitoshe. Mlima ulio katika mbuga hiyo, mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, una urefu wa mita 6,190, karibu mita elfu moja kuupita Mlima Kenya. Lakini kama Mlima Kenya, hupenda kujifunika mawingu. Ni takriban mgeni mmoja tu katika kila watatu anayebahatika kuuona. Usiku wa tatu ni gharama zaidi, lakini hukuongezea nafasi ya kuuona. (Usibabaishwe na majina: serikali ya Marekani iliurudishia mlima jina la McKinley mwaka wa 2025, lakini mbuga ingali Denali.)

Mbuga hiyo ina barabara moja tu ya kilomita 148 hivi, na magari ya kibinafsi huruhusiwa kilomita 24 za mwanzo pekee wakati wa kiangazi. Baada ya hapo ni mabasi. Agosti 2021 maporomoko ya ardhi yaliikata barabara hiyo karibu na katikati yake, na ujenzi wa daraja ukafuata. Kabla ya kulipia basi, uliza hasa linageuzia wapi. Kadiri linavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kupata nafasi ya kuwaona dubu, mbwa mwitu na kulungu wa kaskazini.

KISHA MELI

Ukiisha kujua siku zako za bara, uchaguzi wa meli utakuwa mwepesi. Ile ya kuzunguka kutoka Seattle na kurudi huona pwani tu, haitakufikisha Denali. Anayetaka pwani na bara achague ya upande mmoja, kati ya Vancouver na Seward au Whittier.

Je, uanze na bara au bahari? Kwa familia iliyo na mzee au watoto, ushauri wangu ni kuanza na bara. Huko utaamka alfajiri, utafunga mizigo kila baada ya siku moja au mbili, na chakula utajinunulia. Melini utafungua sanduku mara moja, na milo ya kawaida imo katika nauli. Ni heri taabu itangulie na mapumziko yafuate. Lakini lala karibu na bandari siku moja kabla ya kupanda, kwani meli haimsubiri mtu. Wanaopandia Whittier wakumbuke kwamba njia ya gari hupitia shimo la mlimani la kilomita nne hivi, ambamo magari na treni hupishana kwa zamu.

Chunguza pia meli inapita wapi. Njia iliyo na Glacier Bay ina thamani yake. Serikali huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku katika ghuba hiyo. Mwaka wa 1794, mabaharia wa Uingereza walikuta imejaa barafu karibu yote, na kufikia 1879 barafu hiyo ilikuwa imerudi nyuma kilomita nyingi. Meli haitii nanga humo, bali askari wa mbuga hupanda melini na kuwasimulia abiria. Huko Skagway kuna reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa kukimbilia dhahabu, miaka ile ile ambapo vibarua wa reli yetu walikuwa wakitoka jasho kati ya Mombasa na Kisumu.

MFUKO NA MAVAZI

Bei ya meli hutangazwa kwa kila mtu, ikichukuliwa kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa zaidi. Ongeza bahashishi za wahudumu, matembezi ya bandarini, intaneti, na bima itakayolipia ndege ukiugua mbali na hospitali. Chumba kisicho na dirisha huwa nafuu, na barafu utaiona sitahani bila malipo.

Kuhusu hali ya hewa, msidanganywe na neno kiangazi. Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, kwa hivyo koti la mvua lina maana kuliko koti zito. Beba sweta mbili, kofia na dawa ya mbu. Naam, wako wengi bara Juni na Julai. Mwezi wa Juni jua la Fairbanks hukaa angani karibu saa 22, basi pazia zito ni muhimu kwa wanaotaka watoto walale.

Na je, asiye na pesa za meli ya kifahari, au asiye na viza ya Kanada? Hajakosa njia. Tangu mwaka wa 1963 jimbo la Alaska lina feri zake, wanazotumia wenyeji pamoja na magari na mizigo yao. Zina bendera ya Marekani, na ile ya Bellingham, kaskazini mwa Seattle, huelekea Ketchikan moja kwa moja bila kugusa Kanada. Hakuna muziki wala karamu, na wengine hulala kwenye viti vya sitahani, lakini milima ni ile ile na nyangumi ni wale wale. Ukifika Juneau, utapanda ndege hadi Anchorage, kisha treni. Mwombe mwanao aulize mapema siku za feri hiyo, kwa kuwa haiondoki kila siku, ndipo mpange tarehe ya kuondoka Nairobi.