Kutoka Jela, Kurudi Kitutu
Siku ya Jamhuri mwaka 1978, redio ilitangaza kwamba Rais Moi amewaachilia wafungwa wote wa kisiasa. Sisi wa Gesima, huko Kitutu, tulikuwa tukisubiri jina moja, George Anyona. Mbunge wetu huyo tangu 1974 alikuwa amekamatwa Mei 1977 huko huko kwenye majengo ya Bunge, akifuatilia zabuni ya mabehewa ya reli. Nilikuwa kijana wa kubeba majani chai hadi kituoni, na vigelegele vya akina mama siku ile bado navisikia.

Furaha haikudumu. Mwaka uliofuata KANU ilimkataza kugombea, yeye na Jaramogi Oginga Odinga, na chama kingine hakikuwapo. Seli imefunguliwa, kazi yake imefungwa: sasa aishi kama nani? Hata wazee waliomsifu waliangalia kwanza ni nani anayepita barabarani kabla ya kumtaja. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi walijaribu kuunda chama, akatiwa tena kizuizini hadi 1984. Julai 1990 akakamatwa na wenzake, Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, na 1991 wakahukumiwa miaka 7 kila mmoja kwa kosa la uchochezi.

Alitoka mapema 1992, vyama vingi vikiwa vimesharuhusiwa. Akaomba urais kwa tiketi ya chama cha Kenya Social Congress, akapata kama kura 14,000 nchi nzima. Lakini sisi wa jimbo la Kitutu Masaba tulimrudisha Bungeni. Mwaka 1988 tulikuwa tumepigishwa kura ya mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake, chifu akitazama. Safari hii ilikuwa karatasi na sanduku. Naamini wengi waliomchagua ni wale wale waliokuwa wakiogopa kumsalimia.

Miezi hiyo hiyo jirani yetu alirudi kutoka jela. Yeye alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Alifika jioni, kwa miguu, na hakuna aliyepiga kigelegele. Watoto waliitwa ndani. Chai yake ilikuwa ikipimwa kwa namba ya mkulima ya kaka yake, na bonasi ilikuwa ya kaka. Alichuma kibarua katika vishina alivyovipanda kwa mikono yake. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuonyesha kwamba tunaweza kumpokea mtu aliyetoka kifungoni. Kwa nini tulimpokea mmoja tu?

Aliyemwokoa ni mama yake. Kila siku ya kuuza chai alikwenda naye kituoni, akasimama kando yake kwenye foleni, akimsalimia kila mtu kwa jina mpaka mtu aone haya kutoitikia. Mwishowe wazee wa ukoo walikaa, wakamgawia sehemu yake, akapata namba yake mwenyewe. Baadaye tulimchagua katika kamati ya kituo bila ubishi, maana kwa mizani alikuwa mkali na mwaminifu.

Anyona alishindwa uchaguzi wa 2002. Novemba 2003 alifariki katika ajali ya gari. Tulipochanga nauli za kwenda msibani, pesa zote tulimkabidhi jirani yule azitunze.