Mstari wa Mshazari

Vijana wapendwa, mnapotuuliza juu ya masomo ya informatiki chuoni, swali lenu huwa karibu lile lile: je, huko mtu hufundishwa kutengeneza michezo na filamu za katuni? Sisi walimu watatu wenye mvi, tulioketi benchi moja na wanafunzi wa umri wa watoto wetu, twaweza kuwajibu kwa yale tuliyoyaona katika somo la kuchora kwa kompyuta. Wengi huliingia somo hilo kwa shangwe, na baada ya majuma machache vicheko hupungua.

Hupungua kwa sababu katuni haionekani. Kinachoonekana ni kioo kilichogawanywa katika vyumba vidogo mno viitwavyo pikseli. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina vyumba 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2, na kila chumba hupewa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Hamna kingine humo. Mashine haiujui uso wa mtu, haiujui mti, haijui hata mstari. Tena safu zake mara nyingi huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, jambo lililotukera sisi tuliowafundisha watoto miaka mingi kwamba namba hupanda kuelekea juu.

Mstari uliolala au uliosimama si kazi. Taabu ni mstari wa mshazari, kwa maana hupita katikati ya vyumba, na chumba hakiwezi kuwashwa nusu. Msusi wa mkeka aijua taabu hiyo: ukili hauendi mshazari, bali yeye huchagua ni ukili upi uonekane na upi ufichwe, mpaka jicho likubali kwamba pale pana mstari. Mwaka 1962 Jack Bresenham, mfanyakazi wa IBM nchini Marekani, alitafuta njia ya kuiamuru mashine ya kuchorea kwa kalamu ifanye uchaguzi huo, akaitangaza kwa maandishi mwaka 1965. Njia yake ingali inafundishwa.

Hapo ndipo kijana mmoja wa benchi letu alipotaka kuliacha somo. Minervali yake hulipwa na mama yake kwa faida ya makayabu sokoni, nasi tulijua maana ya faida hiyo. Alikuja kuchora, alisema, naye amekutana tena na hesabu aliyoikimbia sekondari. Wenzake walimwonyesha njia nyepesi: programu iliyokwisha kuandikwa, izungukayo katika fleshi mwaka hadi mwaka, ambayo mtu hubadili jina tu juu yake. Hatukumpa hotuba. Umeme ulikuwa umekatika alasiri ile, kama ilivyo desturi, nasi tulikuwa na daftari la miraba na konzi ya maharagwe.

Nanyi jaribuni. Twataka kutoka mraba wa kwanza mpaka mraba ulio hatua 7 kuume na hatua 3 juu. Twaweka haragwe mahali pa kuanzia, na kichwani twashika hesabu moja, nayo yaanza na −1. Kabla ya kila hatua ya kuume twaitazama hesabu hiyo. Ikiwa chini ya 0, twabaki katika safu ile ile na kuongeza 6. Ikiwa 0 au zaidi, twapanda safu moja na kupunguza 8. Kila hatua twaweka haragwe jingine. Hiyo 6 ni 3 mara mbili. Hiyo 8 ni tofauti ya 7 na 3, nayo mara mbili. Hesabu yapita hivi: −1, 5, −3, 3, −5, 1, −7, −1, na maharagwe 8 yajipanga mawili mawili kama ngazi, mpaka mwisho barabara. Hakuna kugawanya wala sehemu; ni kujumlisha na kutoa tu, kazi aijuayo mtoto wa shule ya msingi.

Kijana alirudia mara nne. Mara ya tano alichagua namba zake mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya wageni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Emil Torday, mzaliwa wa Hungaria, aliwakuta watoto wa Wakuba, huko Kasai, wakichora mchangani michoro ya mistari iliyosukana, pasipo kuinua kidole na pasipo kuipita njia ile ile mara mbili. Walimtaka naye ajaribu. Alishindwa, nao walifurahi mno.

Sehemu iliyotupendeza kuliko zote ilikuja mwishoni, nayo ni nuru. Mwaka 1760 Lambert aliandika kwamba mwanga unaoupata uso wa kitu hupungua kadiri uso huo unavyouinamia mwanga, akaonyesha kipimo chake. Kwa hesabu hiyo duara bapa huanza kuonekana kama chungwa. Ile alama ndogo nyeupe inayong'aa juu ya chungwa lililopanguswa twaipata kwa Bui Tuong Phong, Mvietnam aliyesoma Chuo Kikuu cha Utah. Alitoa kazi yake mwaka 1973, akafa mwaka 1975 akiwa na miaka 32. Hesabu yake haijazi hata robo ya ukurasa. Tulipoambiwa umri wake, oditoria ilitulia.

Kwenye mtihani kila mmoja alileta programu yake, na asistanti hakujali sana picha iliyotokea. Aliweka kidole juu ya mstari mmoja wa maandishi na kuuliza: kwa nini hapa pana namba hii, wala si nyingine? Waliotoka na ile fleshi walikaa mbele yake muda mfupi sana. Kijana wetu alijibu maswali mawili. La tatu lilikuwa jipya: mstari ukiteremka badala ya kupanda, utafanyaje? Alinyamaza kitambo, akaomba chaki, akachora miraba ubaoni, akaanza kuhesabu.