Supu ya viazi nayo ni chakula

Hapa kwetu Makomeno, ukisema unapika supu, jirani atauliza mara moja: "Nani iko mugonjwa?" Njo vile tulizoea. Supu ni ya muntu aliyetoka hospitali, ao ya mutoto wa homa, ao ya mama aliyezaa jana. Muntu muzima anakula bukari. Asipoiona pa meza, hata akijaza tumbo muhogo na maharagi, atakuambia: "Leo sikukula kitu."

Wasomaji wapenzi, sisemi bukari ni mbaya. Mimi nililelewa nayo, na watoto wangu vilevile. Lakini nataka tukumbuke pamoja mwaka 2024. Mahindi mengi tunayokula katika Haut-Katanga yanatoka Zambia. Mwaka ule mvua ilikosa kule, na tarehe 29 Februari Raisi Hakainde Hichilema akatangaza kwamba ukame ni msiba wa inchi nzima. Inchi inayoogopa njaa inashika mahindi yake kwanza. Kwetu, mama akienda ku soko, neno la kwanza lilikuwa: mufuko wa kilo 25 leo ni ngapi? Tena mushahara wa bwana yangu ulikuwa umechelewa miezi miwili.

Ndani ya taabu ile tulikuwa na mzee. Baba wa bwana yangu anaikaa kwetu. Alifanya kazi ya njanja miaka mingi, na meno yake sasa yamebaki manne. Mwezi wa tatu malaria ilimulaza siku nane. Ugonjwa uliisha, lakini hamu ya kula haikurudi. Siku moja nikifua nguo zake, niliona ametoboa tundu mpya katika mukaba kwa musumari. Hakutuambia kitu.

Nilimupikia supu ya viazi vya kizungu. Wote munajua, muke wa mwana habishani na mukwe wake. Hiyo ni heshima yetu. Sahani yake inapelekwa na mutoto. Basi mimi nilibaki jikoni, nikawasikia.

"Nkambo, kula, iko moto."

"Hii njo mayi tu. Bukari iko wapi?"

"Mama anasema tutapika magaribi."

"Basi nitangojea magaribi. Chakula ya bankambo njo bukari. Bila bukari, muntu hayakula."

Sahani ikarudi ilivyokwenda.

Neno lile la bankambo lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu si kweli kabisa. Mahindi yalizaliwa Amerika, upande wa Mexico, na yalifika Afrika kwa merikebu za Wareno. Bankambo wa zamani walisonga bukari ya mutama na ya ulezi. Njia ya reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliita watu wa makabila mengi ku shaba, ikawagawia posho ya bunga ya mahindi. Baba yake na mzee alikula posho ile. Kwa hiyo chakula ambacho tunaona kilikuwa hapa tangu mwanzo, kiliingia katika midomo yetu kwa njia ya kazi.

Na viazi vya kizungu? Jina linadanganya. Vilianza kulimwa katika milima ya Andes, upande wa Peru, maelfu ya miaka iliyopita. Wazungu walivipata karne ya 16 tu. Halafu maskini wa Ireland wakavitegemea peke yake, sawa sisi na mahindi. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika mashamba, na katika miaka michache watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yake. Nafikiri juu yao kila mara ninaposikia muntu anasema chakula ni kimoja tu.

Sasa namna ya kupika. Vijana wanaume, musigeuze ukurasa, hii ni yenu vilevile. Kwa watu sita, kamata kilo moja na nusu ya viazi, vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya moja, na majani ya seleri. Kaanga vitunguu pole pole katika mafuta kidogo mpaka vilainike. Usiviache viungue, supu itakuwa chungu. Tia karoti na nyanya, kisha viazi vilivyokatwa vidogo, maji ya kuvifunika na zaidi kidogo, na chumvi. Katika mbabula moto mudogo unatosha, na nusu saa viazi vimeiva. Maharagi yanakula makala ya siku nzima! Halafu kamata mwiko, ponda nusu ya viazi ndani ya nyungu ileile, nusu nyingine uache. Zile zilizopondwa njo zinafanya supu kuwa nzito. Hakuna haja ya kutia bunga. Seleri inaingia mwisho.

Kiazi chenye rangi ya majani usikipike. Kina sumu, na sumu ile haitoki kwa kuchemusha. Rangi hiyo inatokea kiazi kikikaa katika mwangaza, basi viweke gizani, pahali pakavu.

Narudi kwa mzee. Siku ya tatu nilikaanga ndagala, nikazitwanga, nikazitia katika supu. Harufu ilijaa uwanja. Mutoto alipeleka sahani, kukawa kimya kidogo, nikasikia: "Mboga hii ni ya nani?"

"Ya mama."

"Iko muzuri. Mwambie aniletee bukari kidogo."

Mboga! Mimi nilikuwa ninapika chakula, yeye alipokea mboga. Sikubishana. Nilisonga donge moja ukubwa wa ngumi ya mutoto, likamutosha, kwa sababu kiazi chenyewe kilikuwa kimejaza tumbo. Tangu siku ile tulifanya vile kwa nyumba nzima: nyungu kubwa ya supu, bukari kidogo kando. Bunga tuliyomaliza kwa siku moja ilifika siku mbili, pengine tatu. Mwezi wa sita mzee alirudi katika tundu ya zamani ya mukaba.

Bunga ikipatikana, tunakula bukari yetu sawa kawaida. Lakini siku ya Ijumaa ni supu, na mara nyingi anayeipika ni kijana wangu wa miaka kumi na tano. Nkambo wake anamulaumu kila mara kwamba ndagala ni kidogo.