Mwili Hauna Ulimi, Lakini Husema

Wapo wenzetu katika fani ya utungaji wanaoshikilia kwamba sayansi na ushairi ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Nimefundisha Kiswahili na Biolojia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kauli hiyo haijawahi kunikinaisha. Leo namleta shahidi mmoja mkubwa wa umbo: nyangumi.

Kwetu Kipatimu ni milimani, nchi ya Wamatumbi. Bahari huikaribii mpaka uteremke hadi Njia Nne. Kwa sababu hiyo wengi wetu tulilijua neno nyangumi miaka mingi kabla ya kumwona mwenyewe. Wanaomwona ni ndugu zetu wa pwani, wavuvi wa Kilwa na visiwa vyake, hasa kati ya Julai na Oktoba. Ajaye majira hayo ni nyangumi mwenye nundu, yule arukaye juu ya maji na kujibwaga kwa kishindo. Hutoka bahari ya kusini kabisa, kando ya barafu ya Antaktika, akasafiri zaidi ya kilomita 5,000 ili azae na kunyonyesha katika maji yetu ya vuguvugu. Akiwa huku hali chakula cha maana. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Karamu yake iko kule kwenye baridi, nayo ni viumbe vidogo jamii ya kamba, ambavyo mimi sioni aibu kuviita uduvi wa barafuni.

Je, habari hizi zimejulikanaje, na hakuna awezaye kumfuata mnyama huyo chini ya maji mwaka mzima? Zamani wawindaji walipasua tumbo na kutazama. Lakini tumbo husimulia mlo wa mwisho tu, na aliyepasuliwa harudi baharini. Siku hizi mtafiti humlenga kwa mshale mdogo unaonyofoa kipande cha ngozi, na nyangumi akaendelea na safari yake. Kipande hicho ndicho kinachoulizwa maswali.

Siri iko katika kaboni na nitrojeni. Takribani asilimia 99 ya kaboni yote duniani ni ile nyepesi, kaboni-12. Asilimia 1 hivi iliyobaki ni nzito kidogo, kaboni-13. Nitrojeni nayo ina nyepesi, 14, na nzito, 15. Kila mlaji hukusanya nitrojeni nzito kuliko alichokula, kwa kadiri ya sehemu 3 hadi 4 katika elfu. Basi ukipima nitrojeni utajua kama mnyama anakula uduvi au anamla samaki aliyekula uduvi. Kaboni nayo hueleza mahali, kwa kuwa chakula cha maji baridi ya kusini kina kaboni nzito pungufu kuliko chakula cha maji ya joto. Moja hutaja sahani, nyingine hutaja meza ilikoandaliwa.

Lililonivutia zaidi ni kinywa chake. Nyangumi wa jamii hii hana meno. Taya lake la juu limening'iniza mamia ya vipande vilivyopangana kama meno ya chanuo, vya kuchujia chakula. Vipande hivyo ni keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha na nywele zetu. Hukua polepole bila kukoma, na kila kinachoota huandikwa kwa chakula cha wakati ule. Mwaka 1996 Peter Best wa Afrika Kusini na Donald Schell wa Alaska walichapisha uchunguzi wa vipande vya aina nyingine ya nyangumi wa kusini. Walipima sehemu baada ya sehemu, wakakuta kaboni ikipanda na kushuka kama wimbi, mzunguko mmoja kwa kila mwaka, kulingana na safari za mnyama kati ya maji ya baridi na ya joto.

Niliposoma hayo nilimkumbuka marehemu mama. Mwaka 1974 ulikuwa wa njaa. Muhogo wetu ulikwisha, ukaja unga wa njano kutoka ng'ambo, watu wakaubatiza yanga. Mama alikuwa akimnyonyesha kitindamimba wetu. Jioni alipakua, akatusogezea sahani, akasema yeye ameshakula jikoni. Tulimwamini, maana watoto huamini. Sasa najua kwamba muhogo na mahindi havina kaboni ya namna moja: mahindi yana kaboni nzito zaidi. Najua pia kwamba mwenye njaa kali, mwili wake ukianza kujila wenyewe, nitrojeni nzito huweza kupanda. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Laiti ungekuwapo msuko mmoja wa mama wa mwaka ule, ungesema tarehe unga wa njano ulipoingia nyumbani, na huenda ungesema lile ambalo ulimi wake ulitufichia.

Hili si wazo la kishairi tupu. Watafiti walipochunguza meno na mifupa ya waliokufa katika njaa kuu ya Ireland, ya 1845 hadi 1852, na kuzikwa mjini Kilkenny, walikuta alama ya mahindi ya msaada yaliyotoka Marekani, katika miili ya watu waliozoea viazi. Walikuta pia alama ya njaa yenyewe.

Turudi kwenye lugha. Atomu hizo ndugu, nyepesi na nzito, huitwa isotopu. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1913 katika maandishi ya mkemia Frederick Soddy. Aliyempendekezea ni Margaret Todd, daktari na mtunzi wa riwaya, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "sawa" na "mahali", kwa kuwa atomu hizo hukaa chumba kimoja katika jedwali la elementi. Kumbe mwanasayansi alipokwama, mwandishi ndiye aliyempa neno! Nasi tuna letu, ambari, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Katika karne ya 10 al-Masudi aliandika juu ya ambari ya pwani yetu, enzi hizo ikiitwa nchi ya Zanj. Hutoka matumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, na ndani yake hukutwa midomo ya ngisi aliowala. Pwani hii ilikuwa ikiuza hati za mlo wa nyangumi kama manukato.

Kwa hiyo nawaomba watunzi wasiikimbie maabara. Kazi yao na yetu ni moja: kukisemesha kisicho na ulimi. Nami naufunga mjadala kwa ubeti mmoja:

Nyangumi wa baharini, kusini alikotoka,
Chakula cha barafuni, mwilini kimeandika,
Na mama wa kijijini, njaa aliyofunika,
Imebaki unyweleni, siri isiyofutika.