Tusipunguze Miaka ya Watoto kwa Ajili ya Mpira



Likizo kubwa inakaribia, na michuano ya mpira ya watoto inakuja nayo. Tunaipenda. Mtoto aliye uwanjani jioni tunajua yuko wapi, na siku hizi hata wasichana wetu wana timu zao. Lakini sisi walimu wa shule ya msingi, ambao wengi wetu ni wamama pia, tunaona jambo moja linaloharibu furaha hiyo: watu wazima wanapunguza miaka ya watoto ili timu yao ishinde.

Mwaka jana mkuu wa timu moja alifika shuleni pamoja na mama wa mwanafunzi wetu. Michuano ilikuwa ya watoto wasiozidi miaka 13. Waliomba karatasi ya shule yenye kuonyesha kwamba kijana ana miaka hiyo. Tulifungua rejista. Aliingia darasa la kwanza na miaka 7, akarudia darasa mara mbili, akapoteza mwaka mmoja wakati familia ilikimbia vita. Sasa yuko darasa la sita, na hesabu inatoa miaka 15.

Mama akatuambia: “Mwalimu, ni miaka miwili tu. Akionekana, labda mtu atamchukua Bukavu au Lubumbashi.” Hatukumcheka. Tunajua anaamka saa ngapi kwenda ziwani kununua ndagala za kuuza, na tunajua tumaini la mama linavyouma. Lakini karatasi hatukuandika. Ikatoka kwingine, kijana akacheza. Mtoto wa miaka 12 aliyejizoeza mwaka mzima akakaa pembeni hadi mchezo wa mwisho, kisha akaacha mpira. Mama yake naye ni mwanachama wetu. Wamama hawa wawili wanakaa katika mkutano mmoja, na kwa miezi mingi hawakusalimiana.

“Miaka miwili tu” si kitu kidogo katika mwili wa mtoto. Kati ya miaka 12 na 15 wavulana wengi wanarefuka na kuongeza nguvu haraka sana. Anayeanza kuwa mtu mzima akigongana na ambaye bado ni mtoto, mnajua nani ataumia. Na hata tukisema kweli, usawa hautimii: aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka ule ule wanaitwa wa umri mmoja, ila wa kwanza amemtangulia mwenzake miezi 11. Tukiongeza uongo juu ya hapo, mdogo hana nafasi kabisa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Tangu Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17, lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA inatumia mashine ya MRI kupiga picha ya kiungo cha mkono karibu na kiganja. Mtoto anayekua ana sehemu laini mwishoni mwa mfupa. Akimaliza kukua, sehemu hiyo inafungana. Ikiwa imefungana kabisa, ni vigumu sana kuamini kwamba kijana hajafikisha miaka 17. Mwanzoni mwa 2023, Samuel Eto'o, mkuu wa shirikisho la mpira la Kameruni, aliagiza vijana wa timu yao wapimwe hivyo. Kati ya 30, vijana 21 wakaondolewa. Hao 21 walikuwa wamepitia mikono mingapi ya watu wazima kabla ya kufika kwenye mashine?

Na anayelipa mwishowe ni nani? Juni 2021, klabu ya VfB Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake Mkongomani, aliyejulikana kama Silas Wamangituka, jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na ana mwaka mmoja zaidi ya ule wa kwenye karatasi. Alieleza kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyebadilisha jina na tarehe alipokuwa kijana Ulaya, mbali na kwao, akimtegemea mtu huyo kwa kila kitu. Alisema kweli mwenyewe, lakini ndiye aliyefungiwa miezi mitatu na kutozwa faini. Mtu anayeshika karatasi za mtoto anamshika mtoto mwenyewe.

Hata asiyefika Ulaya atakutana na tarehe yake. Itaulizwa kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwenye Exetat, kwenye diploma, kwenye kadi ya elekta. Karatasi zikigombana, kijana ndiye atakayetembea ofisi kwa ofisi.

Tena tusimshitaki kila mtoto mrefu. Kuna wa miaka 12 wenye mwili mkubwa, na wasichana wengi wanatangulia kukua. Hao wanatukanwa uwanjani bure kwa sababu hawana karatasi ya kuwatetea. Wengi wetu tulizalia safarini, wengine katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na karatasi zikapotea. Hilo si kosa la mama.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akizaliwa, aandikishwe kwa afisa wa etasivili ndani ya siku 90, kama sheria ya familia ilivyorekebishwa mwaka 2016. Ndani ya muda huo kisheria hakuna malipo. Muda ukipita, akti bado inapatikana, ila kwa hukumu ya tribinali, na hapo ni safari na gharama. Pili, tutunze kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo na buletini ya darasa la kwanza katika mfuko mmoja wa plastiki, mbali na mvua. Tatu, kabla ya michuano, kila timu isome orodha ya watoto na miaka yao mbele ya wazazi wa pande zote. Rejista ya shule tutaileta sisi. Asiye na karatasi yoyote, tuangalie mwaka alioingia darasa la kwanza, na wazazi wakubaliane kabla mpira haujapigwa.

Yule kijana wa miaka 15 anacheza vizuri kweli. Acheze na wenzake wa miaka 15, na tukae pembeni tumpigie makofi kwa jina lake na kwa miaka yake. Wamama, tukutane kwenye mkutano, na kila mmoja aje na ule mfuko wa karatasi.